Kukaza Hakuungi Mfupa

Leo sina kichekesho na sina chalenji. Nina neno moja tu ambalo nimechoka nalo, na nataka tuliongelee kama watu wazima. Neno lenyewe ni "kaza".

Umekosa kodi ya keja, kaza. Umeachwa, kaza. Umepigwa kalamu kazini, kaza buda, maisha ni ngumu kwa kila mtu. Sawa, huko labda linasaidia kidogo. Lakini kuna mahali linaharibu watu kabisa, na ni kwenye mwili ulioumia. Mimi naamini mtaani kuna vijana wanaoishi na mikono mibovu ambao hawakuumia vibaya hivyo. Kila mtu aliwaambia wavumilie, wakavumilia, na wakati mzuri wa kutibiwa ukapita.

Siongei stori za jaba. Ushahidi ni mkono wangu wa kulia. Mwaka jana nilikuwa golini kwenye mechi ya mtaa, uwanja wa murram. Nikaruka kuokoa mpira, nikatua na kiganja. Kifundo cha mkono kikafura. Nikaenda hospitali siku hiyo hiyo, nikapigwa eksirei, nikaambiwa hakuna kilichovunjika, nimeteguka tu. Nikapewa bandeji na dawa za maumivu. Hakuna aliyeniambia nirudi. Baada ya wiki moja uvimbe ulishuka. Maumivu hayakushuka.

Miezi minne baadaye bado nilikuwa siwezi kufungua chupa ya soda, siwezi kusukuma mlango mzito, siwezi kushika kamera dakika tano bila mkono kutetemeka. Kila niliyemuuliza alikuwa na jibu lile lile. Mabeshte: kaza. Mjomba: sisi enzi zetu tulivunjika na tukaenda kulima. Kliniki ya mtaa: endelea na dawa, itaisha tu. Shosh pekee ndiye aliyeshika ule mkono, akaangalia uso wangu, akasema, "Mjukuu wangu, hiki si kitu cha kuvumilia." Ndipo picha nyingine ikapigwa, hospitali tofauti, na daktari akanionyesha mstari unaokata mfupa mmoja mdogo chini ya kidole gumba. Ulivunjika siku ile ile ya mechi. Na haukuwa umeunga.

Sasa wacha nikueleze huu mfupa, kwa sababu ukiuelewa hutamwambia mtu akaze tena. Unaitwa skafoidi. Ni mmoja kati ya mifupa minane midogo ya kifundo cha mkono, na umbo lake ni kama korosho. Nyoosha kidole gumba juu kama unaomba lifti. Utaona kashimo kadogo upande wa chini wa gumba, karibu na kifundo. Hapo ndipo ulipo. Ukianguka na kiganja kimefunguka, uzito wako wote unapita hapo. Kwa hivyo huvunjika sana kwa vijana: wachezaji wa mpira, wa sketi, watu wa baiskeli, watu wa nduthi.

Shida yake ni mbili. Ya kwanza, ufa wake unaweza kukosa kuonekana kabisa kwenye eksirei ya siku ya kwanza. Madaktari wanajua hilo. Ndiyo maana mtu akianguka hivyo na akiwa anauma pale kwenye kashimo, utaratibu ni kufungwa mkono usisogee, halafu arudi baada ya siku 10 hadi 14 apigwe picha nyingine, au afanyiwe skani ya CT au MRI kama ipo. "Picha ni safi, nenda nyumbani" si mwisho wa habari.

Ya pili ni damu. Mfupa huunga kwa sababu damu inafika. Kwa skafoidi, damu nyingi inaingilia upande wa vidole na kurudi nyuma kuelekea mkononi. Ukivunjika katikati, kile kipande cha nyuma kinakatiwa laini, kama ploti iliyokatiwa maji. Kikikosa damu ya kutosha kinaweza kukataa kuunga, na wakati mwingine kinakufa. Na mfupa ambao haujaunga hautulii. Unasogea kila unaposhika kitu, mifupa jirani inasagana, na baada ya miaka kifundo kinapata yabisi. Yaani unakuwa na mkono wa mzee ukiwa na miaka 30.

Sasa niambie, hapo kukaza kunaunga nini? Ukikaza, unausogeza zaidi.

Na si skafoidi peke yake. Kuna wale wa kupiga ukuta ngumi wakikasirika. Mfupa unaovunjika mara nyingi ni ule ulio chini ya kidole cha mwisho. Huo kawaida unaunga, lakini unaweza kuunga kombo. Kuna kipimo rahisi sana: kunja ngumi polepole. Kama kidole kimoja kinapanda juu ya kingine, mfupa umejizungusha, na hautajinyoosha wenyewe kwa sababu umeuvumilia. Kumbuka hizo ni hali mbili tofauti: mfupa uliokataa kuunga, na mfupa uliounga vibaya. Zote mbili zina matibabu. Na zote mbili ni afadhali zikamatwe mapema.

Najua mtu ameshaanza kuniandikia, "We una bahati, sisi tusipofanya kazi hatukuli." Buda, nakuskia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Sina mshahara, sina likizo ya ugonjwa. Mtu wa mjengo, mama fua, msusi, kinyozi, mtu wa mkokoteni, mimi na kamera yangu: sote tunakula kwa mkono. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 inamwangalia mwajiriwa. Ukijiajiri, utamdai nani? SHA iliingia mahali pa NHIF Oktoba 2024, na mwenye payslip anakatwa asilimia 2.75 kila mwezi bila hata kufikiria. Sisi wa vibarua tunatakiwa kulipia mwaka mzima, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, kutoa hizo pesa mara moja si mchezo.

Kwa hivyo hapana, sisemi watu wanavumilia kwa sababu ni wajinga. Wengi wanavumilia kwa sababu kukaa nyumbani kuna bei. Lakini tufanye hesabu mpaka mwisho. Kufungwa mkono wiki kadhaa mapema ni hasara. Operesheni baadaye ni hasara kubwa zaidi. Mimi kipande cha mfupa kilitolewa kwenye nyonga, kikajaza pengo, na skrubu moja ndogo ikashikilia. Familia ilichanga, mbogi ikachanga, SHA ikalipa sehemu. Halafu wiki nyingi za plasta juu yake, wateja wawili wakaenda kwa mtu mwingine. Neno "kaza" linaonekana la bure kwa sababu yule anayelisema si yeye anayelipa.

Kuna sehemu ya pili ya hii stori, na hiyo ndiyo watu hawaelewi kabisa. Plasta ikitoka, kila mtu anadhani umepona. "Si ilitolewa? Mbona bado hujarudi kazi?" Siku plasta yangu ilipotoka, mkono ulikuwa mwembamba, ngozi imekauka, na kifundo kilikuwa kigumu kama ubao. Mfupa ulikuwa unaunga vizuri. Mkono haukuwa umerudi. Hivyo ni vitu viwili.

Kiungo kikikaa bila kusogea kinakazana chenyewe. Misuli inapungua, na zile kano zinazovuta vidole zinashikana na nyama iliyo jirani. Kuzirudisha ni kazi ya mazoezi madogo madogo ya kuboesha sana. Kukunja vidole hatua kwa hatua. Kugusisha gumba na kila kidole. Kuinamisha kifundo mbele na nyuma kwenye maji ya uvuguvugu. Kufinya sponji, na tena pale daktari akikubali tu, kwa sababu ukibeba uzito mapema unaweza kurudi mwanzo. Mtaalamu wa tiba ya viungo aliniambia nifanye mara kadhaa kwa siku, dakika chache kila mara, si kujiua saa nzima Jumapili. Saa hii ni mwezi wa saba tangu operesheni, na mkono wa kulia unashika kwa nguvu kama nusu ya wa kushoto. Naediti na mkono wa kushoto. Ni polepole. Ndiyo, ndiyo maana video zimepungua.

Ona vile neno letu linavyoharibu hata hapa. Wa "kaza" anakuambia uinue jeri la maji wiki ya kwanza ili mkono uzoee. Mwingine anakuambia umpelekee mzee fulani aukande. Siwadharau wazee wanaokanda, wamesaidia watu wengi wenye misuli iliyokaza, na mahali pengine hospitali iko mbali kuliko wao. Lakini mfupa ambao haujaunga haukandwi. Unashikiliwa utulie mpaka uunge.

Na mbona mchezaji wa ligi kubwa ulaya akivunjika hatumwambii akaze? Tunasema atakaa nje miezi kadhaa, na tunakubali. Tunajua ana daktari, ana mtu wa mazoezi, na klabu inalinda mali yake. Basi mkono wa mama fua ni mali pia. Unalisha watoto. Tuupatie heshima hiyo hiyo ambayo tunaipatia miguu ya mtu ambaye hata hatujui.

Sasa nataka nini kutoka kwako? Nataka mambo ambayo yanawezekana.

Ukianguka na kiganja na pale kwenye kashimo ka gumba panauma, uliza hivi, kwa heshima lakini bila uoga: "Daktari, inawezekana ni skafoidi? Nirudi lini kwa picha nyingine?" Hilo swali halilipishwi. Kama uliambiwa umeteguka na wiki mbili zimepita bado unauma, rudi. Ukiwa na mkono uliofura upya, unaowaka moto au unaobadilika rangi, rudi haraka zaidi. Tunza picha zako zote za eksirei, hata zile zilizosemekana ni safi, kwa sababu daktari wa pili atataka kulinganisha.

Ukivuta sigara na una mfupa unaojaribu kuunga, pumzika nayo. Nikotini inabana mishipa ya damu, na tumeshasema mfupa unakula damu.

Ukiwa na plasta, uliza ni vidole gani unaruhusiwa kusogeza, kisha uvisogeze. Plasta ikitoka, uliza mazoezi kabla hujatoka kwenye kile chumba. Kama huna pesa za kurudi kila wiki, sema wazi, uombe uonyeshwe ya kufanya nyumbani, na urekodi na simu. Hiyo simu si ya kutazama mimi tu.

Kama una mbogi, anzisheni mfuko. Tuna chama za kununua sufuria, chama za kwenda Mombasa Disemba, chama za harusi ya mtu ambaye hata hajapata mchumba. Hamsini hamsini kila wiki, mtu akiumia apate angalau kodi ya mwezi mmoja, ili asirudi mjengoni na mfupa mbichi. Na mwanzoni mwa mwaka huo mfuko usaidie watu kulipia SHA kabla hakujanuka.

Na wewe ambaye hujaumia, kazi yako ni rahisi kuliko zote. Beshte akikuambia mkono bado unauma, usimjibu "kaza". Muulize, "Picha ya pili ulipigwa lini?" Kama hajapigwa, mpeleke. Kaa naye kwenye laini. Mshikie simu, maana saa hiyo mkono wake mmoja haufanyi kazi.