Kicheko cha Mwanafunzi wa Kijapani

Wageni wanaojifunza kuandika Kijapani wana desturi ya kuyacheka maandishi hayo, na wapo wanaouona huo kuwa utovu wa adabu. Mimi siafiki. Nilipoanza kujifunza alama za kanji, nilikusudia kuandika "chuo kikuu", neno linaloundwa kwa alama ya "kubwa" na ya "elimu". Nukta moja ikaniponyoka juu ya ile ya kwanza, ikawa "mbwa". Kumbe nimejiandikisha katika elimu ya mbwa! Lau nukta hiyo ingeangukia chini, ningesomea unene. Je, nisicheke?

Hata hivyo, kicheko kina mpaka wake. Anayedai kwamba maandishi hayo ni upuuzi na akumbuke kuwa mtoto wa Japani, katika miaka 6 ya shule ya msingi, hufundishwa kanji 1,026, mbali na hiragana na katakana. Lakini mwalimu anayemkaripia mwanafunzi kwa kujicheka humfanya aiogope kalamu. Wangu alicheka pamoja nami, kisha akaniamuru niliandike neno lile mara hamsini.