Kibuyu Chenye Ufa: Kiswahili na Fizikia ya Kwanta

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili kinatosha kwa ushairi na siasa, ilhali fizikia ya kwanta ni milki ya Kiingereza. Dai hilo hukosa mashiko pindi jambo lenyewe linapoelezwa.

Saketi ndogo ya alumini hupozwa hadi takribani sehemu moja kwa mia ya digrii juu ya sifuri halisi. Katika baridi hiyo umeme hupita pasipo ukinzani, na saketi nzima hutenda kana kwamba ni atomu moja. Majaribio ya mwaka 1984 na 1985 yaliyodhihirisha tabia ya kwanta katika saketi ndiyo yaliyowapa Clarke, Devoret na Martinis Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025. Hali ya saketi hubadilishwa kwa mpigo wa mawimbi ya maikrowevu. Ugumu ni kwamba hali hiyo hufifia yenyewe, aghalabu katika makumi au mamia ya maikrosekunde. Hivyo mpigo sharti uwe wa haraka, wa makumi ya nanosekunde. Ukiwa mfupi kupita kiasi, nao huirusha saketi hadi ngazi ya tatu isiyotakiwa.

Mwanafunzi wa Tawa, Kaunti ya Makueni, anaujua ugumu huo kabla ya kufika maabara. Kiangazi kikikaza, maji huchimbwa katika mchanga wa mto. Abebaye kibuyu chenye ufa akijikokota, maji yatavuja, akikimbia, yatamwagika. Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo: methali ambazo darasani husemwa zinapingana, hapa zimekuwa sharti moja la kazi.

Hata hivyo, mwanafunzi huyo, ambaye Kikamba ni lugha yake ya kwanza na Kiswahili ya pili, hufundishwa na kutahiniwa fizikia kwa lugha ya tatu. Akikosea, huhesabiwa kuwa hajui fizikia. Kamusi ya sayansi ya TUKI ilitoka mwaka 1990, kabla neno kyubiti halijabuniwa hata katika Kiingereza. Pengo hilo halizibwi na mfasiri wa pupa, ambaye huenda akaiita hali ya kwanta “dola ya kwanta”! Idara za Kiswahili na fizikia zinapaswa kuketi pamoja. Hali, mpigo, ngazi na mvujo yamo tayari katika lugha. Kyubiti litatoholewa kama lilivyotoholewa atomu.