Maharusi, Mkono Mtupu Haulambwi



Tumetoka Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha, tulikokwenda kumsindikiza mwenzetu aliyeolewa huko. Tumerudi na furaha, lakini na donge rohoni pia.

Huko chini ya Mlima Meru, mgeni kutoka Ulaya hukaa na mama wa kijijini akafundishwa kukaanga kahawa na kutia rangi batiki. Huondoka mikono imechafuka na akili imepata kitu. Sisi tukifika tunanunua kitambaa kilichokwisha tayari, tunapiga picha, tunaondoka. Kwa nini mafunzo ya mikono yawe ya watalii, na sisi wenye nchi tuwe watazamaji?

Wapo wanaosema kujifunza mambo ya mataifa mengine ni kuwaiga wasio Waislamu. Haya, batiki ilisifika kutoka wapi? Java, Indonesia, mojawapo ya nchi zenye Waislamu wengi zaidi duniani. Nta huyeyushwa ikapakwa pasipotakiwa rangi, kitambaa kikachovywa, kisha nta ikatolewa kwa maji ya moto. Na leso tunayojifunga kila siku? Jina lake limetokana na Kireno. Suratul Hujurat, aya ya 13, inatukumbusha kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Kuiga ibada ni jambo jingine. Kushika sindano si ibada ya mtu.

Hapo hapo Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi. Mwaka 1942 walianza kuletwa huko wakimbizi, wakafika kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Wasovieti walikuwa wamewahamisha kwa nguvu kutoka makwao, wakapelekwa mpaka Siberia. Njia ya kuja Afrika ilipita Iran, nchi ya Waislamu, ambako walipokewa na kulishwa. Tengeru walijenga maisha upya: shule, mashamba, kushona na kutarizi. Nyumba zao zilikwenda, mali ilikwenda, waume wengi walikuwa vitani au wamekufa. Kilichobaki ni kile walichokijua kwa mikono yao.

Bibi harusi, hilo ndilo tunalotaka ulisikie. Mume anaweza kufariki, ndoa inaweza kuvunjika, Allah atuepushe. Ukumbi na mapambo tunayoyalipia mamilioni hubomolewa asubuhi yake. Ujuzi hauvunjwi na mtu.

Basi tunasema wazi: katika siku za kumuandaa biarusi, siku moja iwe ya kazi. Somo aite fundi mwanamke, wanawake watupu, na watoto wa kike wakae karibu. Wiki hii ukili, nyengine kofia ya vitobo, hina au batiki. Fundi alipwe haki yake, asiambiwe ni mchango wa shughuli. Na aeleze kila kitu kimetoka wapi, nani alikileta na kwa nini, maana mkono usiojua historia hunakili tu.

Atakayesema hana nafasi, atuambie saa ngapi alikaa kwa mpambaji.

Ya Rabbi, tubarikie mikono yetu na ndoa zetu. Amin.