Kimvita nacho kipewe nafasi kwenye kioo

Mhariri,

Wapo wasemao kwamba watoto wa Mji wa Kale, Mombasa, waliovinunia vipindi vya vichekesho vya televisheni ya taifa, Vitimbi na Vioja Mahakamani, walikuwa na deko tu: ni vipindi vya wakubwa, na kabla ya stesheni ya KTN kuanza mwaka 1990 hapakuwa na stesheni nyingine ya kuhamia. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Mtoto humcheka mtu aliyeteleza hata asipoelewa neno. Lakini ucheshi wa vipindi hivi ulikaa zaidi ulimini. Benson Wanjau, Mkikuyu, alimwigiza mhusika Mzee Ojwang' kwa lafudhi ya Kijaluo, na utamu wake ni wa anayeijua lafudhi hiyo. Mtoto aliyelelewa kwa Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya Mombasa, aliyeitwa kwa “ndoo” badala ya “njoo” na kuonyeshwa “ndia” badala ya “njia”, huenda alisikia Kiswahili kilichopinda tu, asione kichekesho kilipo.

Nitajibiwa kwamba televisheni ya taifa haina budi kutumia Kiswahili sanifu kinachotuunganisha. Katika taarifa ya habari, sawa. Lakini Ojwang' hakuzungumza sanifu, na taifa halikuvunjika, lilicheka. Ikiwa lafudhi ya Kisumu ilikaribishwa sebuleni Mombasa, Kimvita nacho kina haki ya kusikika Kisumu, tena kinywani mwa mhusika mwenye akili zake, si wa kuchekwa tu. Watunzi wa vipindi vya watoto waanzie hapo, kwani mtoto hachoki kutazama kioo kinachomwonyesha uso wake.

Msomaji,
Mji wa Kale, Mombasa