Mpungate wa bustanini: Tupande, lakini tujue tunachopanda

Johannesburg si Dar es Salaam wala Mombasa. Jiji hili limekaa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti hupigwa na sakitu, ile barafu nyembamba inayoonekana juu ya nyasi alfajiri. Theluji yenyewe ilianguka Agosti 2012 na tena Julai 2023. Migomba na mipapai tunayoipanda kwa kukumbuka nyumbani huungua majani, na mwaka unaofuata tunaanza upya.

Ndiyo maana wengi wetu tunauliza juu ya mpungate, yaani lile dungusi lenye vipande bapa na matunda matamu, ambalo Makaburu huliita turksvy na Waxhosa itolofiya. Swali ni zuri. Mpungate mkubwa huhimili nyuzi kadhaa chini ya sifuri, na baridi ya hapa inaufaa kwa kuwa ni kavu. Adui yake mkubwa ni baridi iliyochanganyika na unyevu. Aidha, katika jiji ambalo mabomba yalikauka mara kwa mara mwaka 2024, mmea usiodai maji ni neema.

Pamoja na hayo, kwa maoni yetu swali la kwanza si kama mmea utastahimili baridi. Swali la kwanza ni mpungate upi.

Afrika Kusini ina historia chungu na mmea huu. Asili yake ni Mexico, na uliletwa Rasi katika karne ya 18. Kufikia miaka ya 1930 ulikuwa umemeza takriban hekta 900,000, hasa katika eneo ambalo leo ni Rasi ya Mashariki, na serikali ililazimika kuleta wadudu kutoka ng'ambo ili waule. Aina nyingine ilipandwa kama pambo huko Skukuza, katika Hifadhi ya Kruger, miaka ya 1950. Pambo hilo liligeuka kuwa vita iliyodumu miongo kadhaa.

Kwa sababu hiyo sheria ya bioanuwai ya mwaka 2004 na kanuni zake zinakataza kupanda, kuuza au hata kumpa jirani mpungate wa miiba, na mwenye kiwanja anawajibika kuudhibiti. Katika orodha hiyo umo pia ule mfupi unaotambaa, Opuntia humifusa, ambao wapenzi wa bustani wa Ulaya na Marekani huusifu sana kwa kustahimili theluji. Wanaotaka kuagiza mbegu zake kwa intaneti wafikiri mara mbili: sifa inayoufanya usife kwa baridi ndiyo hiyo hiyo inayoufanya usiondoke ukishaingia.

Ulioruhusiwa ni Opuntia ficus-indica usio na miiba. Mbegu bora zake ziliingia nchini mwaka 1914 kutoka kwa mkulima wa Marekani, Luther Burbank, zikapandwa Grootfontein katika Karoo. Leo majina kama Morado, wenye nyama nyeupe, na Algerian, wenye nyama nyekundu, yanafahamika kwa wakulima. Huo ndio tuupande, na kwa kipande, si kwa mbegu, kwani miche ya mbegu yaweza kurudia miiba ya mababu zake.

Namna yake ni rahisi. Chukua kipande kilichokomaa, kiache kivulini wiki mbili hadi nne mpaka jeraha likauke, kisha kipande Septemba baridi inapokwisha. Kizike nusu yake katika udongo uliochanganywa na mchanga, karibu na ukuta unaotazama kaskazini, kwa kuwa huku kusini jua la majira ya baridi hupita upande huo. Kuanzia Aprili usimwagilie tena. Katika majira mawili ya kwanza ya baridi, ufunike kwa gunia usiku wa sakitu na kuufunua asubuhi. Ukiona utando mweupe kama pamba unaotoa rangi nyekundu ukiuminya, hao ni wadudu. Waoshe kwa maji ya nguvu na sabuni. Tunda nalo halikosi vijiba vidogo, hivyo vaa glavu.

Vipande unavyopogoa usivitupe kwenye kiwanja cha wazi wala mtoni, kwani kila kimoja huota mizizi. Na kwa ndugu zetu wanaorudi likizo: msibebe kipande ndani ya begi. Tazameni Laikipia, Kenya, ambako mpungate ulioletwa zama za ukoloni kuwa ua umefunika malisho ya wafugaji. Mbuzi hula matunda yake, miiba ikawajeruhi midomo, macho na matumbo. Aliyepanda ua ule alitaka uzio tu. Wanaolipa ni wajukuu wa majirani zake.

Wapo watakaosema kipande kimoja kwenye ua wa Yeoville hakiwezi kudhuru nchi. Skukuza nako ilikuwa bustani tu. Sisi tunaoishi ugenini tunajua jinsi jina la mgeni linavyochafuka upesi na linavyosafishika polepole. Hatuna haja ya kumwachia mwenyeji wetu mzigo wa kung'oa tulichopanda, ilhali mmea halali, mtamu na usiojali baridi upo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tupande mpungate, tule matunda, na tuwagawie majirani. Lakini uwe ule usio na miiba.