KENGELE YA HATARI ISINGOJE MTANDAO



Siku hizi wenye majengo wanapenda sana kengele za hatari za namna mpya. Moshi ukitokea au mlango ukivunjwa, mtambo hupeleka habari kwa mtandao wa simu mpaka ofisi ya kampuni ya ulinzi, pengine Meru mjini, pengine Nairobi. Ni jambo jema, wala hatulipingi. Lakini twauliza swali moja kwa ajili ya wenzetu wa zamu za usiku hapa Kanyakine na Imenti yote, katika hospitali, mabweni ya shule, maduka na viwanda vya chai: mtandao ukikatika, kengele hiyo itamwamsha nani?

Si swali la mzaha. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilizimika karibu Kenya nzima, na mahali pengi haikurudi mpaka kesho yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari ziliharibika, na intaneti ikadhoofika katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Tarehe 25 Juni mwaka ule ule, siku ya maandamano makubwa, intaneti ya Kenya ilivurugika tena. Na huku kwetu mlimani, mvua ya Aprili na tawi moja la mti juu ya waya vyatosha kutuweka gizani.

Tena mlingoti wa simu nao unahitaji stima. Betri zake zikiisha na jenereta isiwashwe, unanyamaza. Na laini iliyomo ndani ya mtambo ni laini kama yako wewe: isipolipiwa, haifanyi kazi, na pengine hakuna atakayejua mpaka siku ya hatari.

Siku hiyo ikifika, anayeitwa ofisini asubuhi ni mlinzi. Ataambiwa alilala. Ataulizwa mbona hakusikia, na kumbe hapakuwa na cha kusikia. Hatuwezi kukubali mfanya kazi apoteze kazi yake, au maisha yake, kwa kosa la mtambo asioununua wala kuufunga. Kwa hiyo twataka mambo haya matano katika kila jengo walimo wanachama wetu.

Kwanza, kengele ilie hapo hapo. Kifaa cha kunusa moshi kiunganishwe na king'ora kwa waya ndani ya jengo, amri ya kulia isizunguke Nairobi kwanza. Moto wa usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, ulichukua maisha ya watoto 21. Bweni likishika moto, dakika ni chache. Gari la zimamoto likitoka Meru mjini lina safari ndefu mpaka Kanyakine. Wanaofika mbele ni majirani, na jirani huja kwa sauti anayoisikia.

Pili, betri. Kanuni za Marekani ziitwazo NFPA 72 zasema mtambo wa moto uweze kungoja masaa 24 bila stima, na baada ya hapo bado uweze kulia dakika 5. Sisi tusikubali chini ya hapo. Betri huzeeka, basi tarehe ya kutiwa iandikwe juu yake.

Tatu, njia mbili za kupeleka habari. Ziwe laini mbili za kampuni mbalimbali, au laini moja na redio. Lakini tuangalie: kampuni mbili zikitumia mlingoti mmoja, mlingoti huo ukizima zote mbili zimezima.

Nne, ukimya uhesabiwe kuwa habari mbaya. Mafundi wa zamani walilijua jambo hili. Walipitisha umeme mdogo katika waya wa kengele daima, na umeme ule ukikoma walijua waya umekatika. Vivyo hivyo mtambo upige hodi kwa kampuni kila baada ya dakika chache. Hodi ikikosekana, kampuni itume mtu. Na hapa jengoni iwake taa ya kumwonya mlinzi kwamba njia imekatika, aongeze kuzunguka.

Tano, mtambo ujaribiwe kila mwezi mbele ya mjumbe wa wafanya kazi. Stima izimwe na laini itolewe kwa makusudi, tusikie kama king'ora kitalia. Matokeo yaandikwe kitabuni. Pamoja na hayo, filimbi ya mlinzi na rimu ya gari iliyotundikwa uwanjani zisiondolewe. Hizo hazijui mtandao ni nini.

Twajua tajiri atasema gharama ni kubwa. Twamjibu: king'ora, waya na betri ni bei ndogo mbele ya bweni moja au ghala moja la chai, na maisha ya mtu hayana bei. Wala hatuombi fadhili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka iwepo kamati ya usalama mahali palipo na wafanya kazi 20 au zaidi, nao wafanya kazi wawe na wajumbe wao humo. Kanuni za moto za mwaka huo huo zataka mazoezi ya moto angalau mara moja kila mwaka.

Basi twawaomba wanachama wote: katika kikao kijacho cha kamati yenu, ulizeni wazi lini mtambo ulijaribiwa bila stima na bila mtandao, na nani aliandika. Jibu lisipopatikana, leteni habari kwa katibu wa tawi, jambo hili liingie katika mapatano yetu na wenye kazi. Asiende mtu mmoja peke yake kuuliza. Nendeni pamoja.

Umoja ni nguvu.