MCHUJO WA AKILI AU WA ULIMI?



Twaambiwa mlango wa Chuo Kikuu u wazi kwa kila mtoto: na apasi masomo mawili makuu ya Kidato cha Sita, apate pointi zisizopungua 4. Kwa mtoto wa Mbwara, huko Rufiji, hayo ni maneno matamu tu. Miaka saba ya msingi alifundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Alipoingia Kidato cha Kwanza akamkuta mwalimu kageuza ulimi. Kiingereza hicho hakisikii nyumbani, wala shambani, wala sokoni. Kisha Baraza la Mitihani lampima kwacho, karatasi moja na mtoto aliyekianza chekechea. Jee, huo ni usawa?

Nasi wa visiwani tusijitenge. Baraza ni hilo hilo, na karatasi hizo ndizo wazifanyazo wanetu.

Sera ya Elimu ya 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote. Wino ukakauka, na sekondari Kiingereza kikabaki. Twamhimiza mtoto akeshe na vitabu. Akeshee nini, ikiwa swali lenyewe halimwelei?

Twataka maswali yaandikwe kwa lugha zote mbili, mtoto ajibu kwa aitakayo.